Mwizi wa baiskeli, shahidi mwenye uhakika, na digrii ya kriminolojia na saikolojia

Ngoja nianze na baiskeli, maana stori ya Tanga isiyo na baiskeli ndani yake mi huwa siiamini sana.

Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka kuswali, soko la Mgandini limejaa mpaka unapita ubavu. Mzee mmoja kaegesha Phoenix yake ukutani, hajapiga kufuli, kaingia kununua samaki, dakika tano hazijafika anatoka, baiskeli hamna. Mi nilikuwa pembeni hapo na kikombe changu cha kahawa na kashata, nikasikia "mwiziii!", nikageuka nikaona mgongo wa mtu anakata kona na baiskeli, alafu kufumba na kufumbua kundi la watu linatimua mbio na mbele yao kijana wa miaka kumi na sita kumi na saba hivi nae anakimbia. Wakamdaka. Sitaki kueleza alivyopigwa. Askari alipofika akauliza nani kaona, na mimi kwa kiherehere changu nikanyoosha mkono, nimemuona kwa macho yangu haya mawili, ni huyu huyu, alikuwa na shati jekundu.

Usiku nimelala ndo akili inarudi. Kwanza yule kijana alikuwa kavaa shati la kijani, jekundu sijui nililitoa wapi. Pili, na hili ndo kubwa, mtu aliyeondoka juu ya baiskeli anakamatwaje akiwa anakimbia kwa miguu, tena mikono mitupu? Watu zaidi ya thelathini tulikuwepo pale na hakuna hata mmoja aliyeuliza, mzee mwenye baiskeli yake mwenyewe hakuuliza. Kijana akalala ndani siku nne, baiskeli haikuonekana, wakamuachia. Na mimi nikakaa kimya, sikwenda kusema kitu.

Nimeikumbuka siku hiyo kwasababu ya mpwa wangu. Kamaliza kidato cha sita, HGL (historia, jiografia na lugha), katoka JKT rangi imebadilika, kaja barazani kwangu Ngamiani, "shikamoo mjomba", marahaba, alafu bila kuzunguka akasema anataka kusoma kriminolojia na saikolojia kwa pamoja, kaona simuni vyuo vya Uingereza vinazifundisha zote mbili kwenye digrii moja. Mama yake anataka asome ualimu. Bibi yake alipoelezwa kriminolojia ni nini akauliza, "kwahiyo mjukuu wangu unakwenda kusomea wizi?" Tukacheka sana, ila kusema kweli maelezo ya mpwa wangu mwenyewe hayakuwa mbali na ya bibi, maana alivyoelewa yeye ni kozi ya kumuangalia muuaji usoni ukajua anawaza nini. Filamu hizo. Kwahiyo nikamwambia kaa chini, nikamuagizia chai, na haya ndo niliyomwambia, nimeyaandika humu maana najua hayupo peke yake.

Saikolojia inamwangalia mtu. Anafikiri vipi, anakumbuka vipi, anajifunza vipi, hasira zake zinaanzia wapi, utoto wake ulikuwaje, akiwa kwenye kundi anabadilika au habadiliki. Kriminolojia inaiangalia jinai kama jambo la jamii: nani kaamua kwamba kitu hiki ni kosa na kile sio kosa, kwanini wizi unakuwa mwingi mtaa huu na sio ule, polisi wanamkamata nani na kumuacha nani, jela inamrudishaje mtu. Baiskeli ikiibwa, msaikolojia anataka akae na kijana, mkriminolojia anataka akakae pale sokoni na daftari lake wiki nzima. Ni kazi mbili tofauti kabisa na watu wengi wanazichanganya.

Sasa kuzisoma pamoja faida yake ni nini. Mi huwa nasema hizi fani ni wake wenza. Ukitaka kujua aibu ya mmoja usimuulize mwenyewe, muulize mwenzake, atakueleza mpaka kilichomo chini ya mto. Kila mmoja ana uongo anaoupenda, na mwenzake ndo anaujua vizuri.

Uongo wa saikolojia, au niseme wa watu wanaopenda mkato wa kisaikolojia, ni kutafuta mhalifu ndani ya mtu. Mwaka 1876 daktari mmoja wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu akidai wapo watu wamezaliwa wahalifu na unawajua kwa kuwatazama, taya kubwa, masikio yamechomoza, mikono mirefu. Alianzia kwenye fuvu la mtu mmoja wa Calabria, aliona kijishimo kwa nyuma ambacho hakukitarajia, basi akaona jibu kalipata. Hata jina kriminolojia lilitoka kundi lake, Mwitaliano mwenzie Raffaele Garofalo alilitumia kama jina la kitabu mwaka 1885. Yaani fani yenyewe ilizaliwa kwenye nyumba ya kupima mafuvu. Kosa la Lombroso likisemwa linaonekana dogo: alipima sana wafungwa, hakuwapima ipasavyo watu walio nje. Mwingereza Charles Goring akaja kufanya hiyo kazi, akachukua vipimo vya wafungwa kama 3,000, akawalinganisha na watu wasio wafungwa, na mwaka 1913 akatoa majibu kwamba hakuna aina ya mwili ya mhalifu. Imeisha. Lakini nenda Mgandini leo mwizi akikamatwa, hukosi mtu anasema "muangalieni macho yake, si macho ya mwizi hayo?" Lombroso alikufa 1909 ila pale sokoni bado anakunywa kahawa na sisi.

Mke wa pili, kriminolojia, akajibu mapigo akiwa Chicago. Clifford Shaw na Henry McKay walichukua kumbukumbu za mahakama za watoto, wakaweka alama kwenye ramani kila mtoto aliyeshtakiwa anatoka wapi, na kitabu chao kikatoka 1942. Wakakuta mitaa ileile ya karibu na katikati ya mji, ya viwanda na vyumba vya kupanga, ndo ina watoto wengi wenye kesi, miaka nenda rudi. Na hapa pananifurahisha mpaka leo: wakazi wa mitaa hiyo walikuwa wanabadilika. Wajerumani na Wairish wakahama, wakaja Wataliano na Wapolandi, wakaja watu weusi kutoka kusini, na kesi zikabaki palepale mtaani, na wale waliohama kesi zao zikapungua huko walikohamia. Kama uhalifu ungekuwa kwenye damu ungehama na wenye damu. Fikiria mtu anayesema "kabila fulani ni wezi", alafu mwekee ramani ile mbele yake.

Kwahiyo mtaa ndo kila kitu? Hapo kriminolojia nayo inataka kukudanganya. Maana barabara hiyohiyo ya Ngamiani, nyumba hiyohiyo, tumbo hilohilo, mmoja anakwapua simu na mdogo wake anaadhini msikitini. Ramani haikwambii kwanini. Inabidi urudi kwa mtu, na urudi kwa kumfuatilia miaka mingi, sio kumuangalia siku aliyokamatwa. Kule Dunedin, New Zealand, watafiti wameshika watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 na wanawafuatilia mpaka wamekuwa watu wazima. Msaikolojia Terrie Moffitt mwaka 1993 akaandika kwamba vijana wakorofi wapo wa namna mbili kubwa. Wapo wachache ambao fujo zao zilianza wakiwa wadogo kabisa na zinaendelea ukubwani, na wapo wengi ambao wanafanya ujinga kwenye miaka ya balehe alafu wanaacha wenyewe, wanaoa, wanapata kazi, basi. Kwa macho ya siku moja, wakiwa na miaka kumi na sita, wanafanana. Sasa ukimkamata wa kundi la pili ukamtupa jela pamoja na watu wazima unaweza kumfundisha kazi ambayo alikuwa anakaribia kuiacha. Ndo maana Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka mahakama ya watoto peke yake, na ndo maana Kanuni ya Adhabu inasema mtoto chini ya miaka 10 hana jinai, na chini ya 12 mpaka ithibitishwe alijua anachofanya ni kibaya. Hizo namba ukizisoma kama mwanasheria ni vifungu tu vya kukariri, ukizisoma baada ya saikolojia ya ukuaji unaona kuna mabishano mazima nyuma yake, kwanini 10, kwanini sio 14.

Turudi Ijumaa yetu. Kuna nadharia moja rahisi mpaka inaudhi, ya Lawrence Cohen na Marcus Felson, 1979. Wanasema wizi unahitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja wakati mmoja: mwenye nia, kitu cha kuchukua, na mlinzi asiwepo. Basi. Walikuwa wanajiuliza mbona Marekani baada ya vita kuu ya pili watu walizidi kuwa na hela na wizi nao ukazidi, wakati kila mtu aliamini umaskini ndo unaleta wizi. Jibu lao ni kwamba maisha ya kila siku yalibadilika, watu wanakwenda kazini wote nyumba inabaki tupu mchana, na vitu vya thamani vimekuwa vyepesi, televisheni inabebeka mkononi. Hapo hujagusa roho ya mwizi hata kidogo. Mzee wa Phoenix angepiga kufuli la elfu tano siku ile, mi nisingekuwa na makala ya kuandika. Mpwa wangu alikunja uso hapa, aliona kama nimemuharibia ladha, alitaka siri za moyoni mimi namletea kufuli. Ndo kriminolojia hiyo mwanangu, nusu yake ni kufuli, taa za barabarani na saa za kufunga vilabu.

Alafu kuna swali ambalo kwangu mimi ndo tamu kuliko yote, nalo ni nini hasa kinaitwa jinai. Edwin Sutherland, Mmarekani, mwaka 1939 alisimama mbele ya wanasosholojia wenzake akawaambia mnasoma uhalifu wa maskini tu, mbona hamuwahesabu mabwana wenye tai wanaoiba kwa kalamu? Sisi Waswahili tungemwambia hilo mbona lipo kwenye lugha yetu. Kijana wa baiskeli "ameiba". Mweka hazina wa kikundi aliyetafuna michango ya wakina mama mwaka mzima "amekula". Sikiliza vizuri, mmoja kaiba mwingine kala, na aliyekula huwa anaitiwa kikao, anapewa muda wa kurudisha, hakuna anayemkimbiza na tairi. Ukijumlisha, alichokula kinanunua Phoenix ngapi? Mkriminolojia anaanzia hapo kwenye kitenzi.

Na sio hela tu. Hapa kwetu kila mtoto aliyepelekwa Mapango ya Amboni na shule kasimuliwa habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha mapangoni miaka ya 1950 huku serikali ya mkoloni inawasaka. Kwa polisi wa Mwingereza walikuwa majambazi. Kwa wazee wengi wanaosimulia walikuwa mashujaa, waliwanyang'anya matajiri wa mashamba ya mkonge wakawapa wanyonge. Matendo ni yaleyale, ila inategemea anayesimulia anakaa upande gani wa shamba la mkonge. Howard Becker mwaka 1963 aliandika kwamba ukaidi haukai ndani ya tendo, unakaa kwenye jina ambalo watu wamelibandika kwenye tendo na kwa mtendaji, na mtu akishabandikwa jina anaanza kuishi kama jina lake maana milango mingine imefungwa. Yule kijana wetu kuanzia siku ile watoto walimuita Phoenix. Mpaka leo.

Sasa tuje kwenye aibu yangu, maana hapa saikolojia inatoa kisu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za magari yakigongana, alafu wakawauliza magari yalikuwa spidi gani. Walichobadilisha ni kitenzi tu. Walioulizwa magari "yalipobamizana" walikadiria kama kilomita 65 kwa saa, walioulizwa "yalipogusana" wakakadiria kama 51. Filamu zilezile. Kwenye jaribio la pili wakakaa wiki nzima, wakawauliza wanafunzi wengine kama waliona vioo vimevunjika. Havikuwepo vioo vilivyovunjika. Ila katika 50 waliosikia neno "kubamizana" 16 walisema waliviona, na katika 50 waliosikia neno la kawaida, "kugongana", ni 7. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kumbukumbu sio kama picha iliyopo kwenye simu ukaifungua ikawa vilevile, inapikwa upya kila ukiiita, na inapikwa kwa viungo ulivyopewa njiani. Mi neno "mwizi" lilinifikia kabla macho hayajafika. Kilichobaki kichwa kikajaza chenyewe, na shati jekundu kikaniwekea juu kama pambo.

Na usidhani haya ni mambo ya maabara za wazungu. Mahakama yetu ya Rufani kwenye kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, 1980, iliweka msimamo ambao mpaka leo mawakili wanautaja kila siku: ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea umeondolewa. Uliangalia muda gani, ulikuwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, ulikuwa unamjua mtu huyo kabla au ndo mara ya kwanza. Nilipoyasoma yale maswali mara ya kwanza nilijijibu moja moja. Muda, sekunde mbili. Umbali, upana wa barabara na kundi la watu katikati. Mwanga, sawa upo, mchana. Namjua? Simjui. Na niliona mgongo! Majaji walifika palepale walipofika wanasaikolojia, kwa njia ya kusikiliza kesi tu, na mwanafunzi anayesoma upande mmoja peke yake hataona kwamba hizo barabara mbili zinakutana.

Sehemu nyingine zinapokutana ni ugonjwa wa akili. Mtu wa Tanga ukimtajia Lutindi anaelewa, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Korogwe milimani, ipo tangu zama za Mjerumani. Watu wanachanganya sana hapa, wanadhani mgonjwa wa akili ni mtu hatari na mtu hatari ni mgonjwa wa akili. Wagonjwa walio wengi hawamdhuru mtu, wao ndo wanadhuriwa. Na mahakamani "kichaa" sio neno la daktari, ni kipimo cha sheria. Kilitoka Uingereza mwaka 1843, baada ya Daniel M'Naghten kumuua katibu wa waziri mkuu akidhani anamuua waziri mkuu mwenyewe, na sheria yetu imerithi mzizi huohuo: je, wakati anatenda, ugonjwa ulimfanya asijue anachofanya au asijue kuwa ni kosa? Unaweza kuwa mgonjwa kweli, una vyeti vya daktari, na bado kipimo hicho ukakifeli. Anayefaulu, tena kama ndo kufaulu, harudi nyumbani, anaweza kupelekwa Isanga Dodoma akakaa huko muda mrefu. Kuna watu wanasema "kajifanya chizi ili aachiwe". Aachiwe wapi.

Na mateja je? Pwani yote hii, Tanga, Bagamoyo, unajua hali ilivyokuwa na unga. Teja anaiba nondo za mtu akauze apate kete, sasa huyo ni mhalifu au mgonjwa? Sheria ina jibu lake, daktari ana lake. Muhimbili walianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa badala ya unga, mwaka 2011, na huduma ikasambaa mikoani mpaka huku kwetu, mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi, arosto haimsumbui, haamki na shida ya kutafuta hela ya kete. Sababu ya kuiba imeondolewa bila pingu. Ni mambo ya dawa na akili, ila matokeo yake unayaona kwenye daftari la polisi. Mi nikisikia mtu anabishana kuhusu soba hausi huku anajua upande mmoja tu wa hilo jambo, naondoka barazani.

Kuhusu saikopathi, watu wasio na huruma wala majuto, ambao ndo kweli walimleta mpwa wangu, nilimwambia kwa ufupi. Kipo kipimo, cha Mkanada Robert Hare, kina vipengele 20, alama za juu 40, na Marekani Kaskazini ukifika 30 ndo unaitwa saikopathi. Hakijazwi na mtu barazani kuhusu shemeji yake, kinajazwa na mtaalamu aliyefunzwa, kwa mahojiano na mafaili. Na kwenye jela yoyote hao ni sehemu ndogo, waliobaki ni watu wa kawaida. Lile jaribio maarufu la jela ya kuigiza pale Stanford, wanafunzi wengine walinzi wengine wafungwa, 1971, la Philip Zimbardo, lililopangwa wiki mbili likasimamishwa siku ya sita, utafundishwa pia, na mwalimu mzuri atakufundisha na lawama zake, kwamba walinzi walikuwa wameshaelekezwa namna ya kuwa wakali. Mwalimu mbaya atakupa stori tu.

Basi, mambo ya chuo chenyewe. Kinachowashtua wengi ni hesabu. Ndio, takwimu. Saikolojia ya chuo kikuu mwaka wa kwanza inakuingiza kwenye takwimu na namna ya kufanya utafiti, na haikuachii mpaka unaandika tasnifu ya mwisho, kriminolojia nayo inakuja na za kwake, namna ya kusoma takwimu za polisi na kujua zinaficha nini. Mfano mdogo: dawati la jinsia na watoto likifunguliwa kituoni, kesi za ukatili zitapanda kwenye makaratasi. Ukatili umeongezeka au watu wameanza kuripoti? Asiyejua atatoa kichwa cha habari. Mpwa wangu wa HGL alishusha kikombe alipolisikia hilo neno takwimu.

Huko Uingereza digrii ya pamoja ni miaka mitatu, Scotland minne, na cha kuuliza kabla hujalipa hata senti ni kama digrii hiyo imetambuliwa na chama chao cha wanasaikolojia, British Psychological Society. Zipo ambazo saikolojia yake ni nusu nzima na ina tasnifu, hizo zinakubalika, na zipo zenye saikolojia ya kuonjesha tu, ukimaliza ukitaka kuendelea kuwa msaikolojia unaambiwa rudi usome tena. Na kule jina la msaikolojia wa mambo ya jinai linalindwa na sheria, hulipati hilo jina kwa digrii ya kwanza, kuna masta na miaka ya kufanya kazi chini ya usimamizi. Kwahiyo anayekwambia ukimaliza miaka mitatu unakwenda kuhoji wauaji anakuuzia kozi.

Hapa nyumbani zikiwa pamoja kwenye digrii moja kama za kule ni ngumu kuziona, ila unaweza kujitengenezea njia. Saikolojia ipo Mlimani, sosholojia ipo, sheria ipo, ustawi wa jamii upo, na hata hapa mkoani kwetu Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Kenya jirani kriminolojia inafundishwa, na UNISA ya Afrika Kusini wanaifundisha kwa masafa. Fungua kitabu cha mwongozo cha TCU, tume ya vyuo vikuu, cha mwaka husika, soma vigezo mwenyewe, usimsikilize dalali wa vyuo. Ushauri wangu kwake ulikuwa asome saikolojia kwanza kwa ukamilifu, alafu kriminolojia aifuate masta, maana ukianza na ile yenye masharti magumu hujifungii mlango. Mwingine atakushauri kinyume, na sio mjinga.

Kazi? Hakuna tangazo la "anatakiwa mkriminolojia" Tanga, tusidanganyane. Kuna ustawi wa jamii, magereza, mashirika ya watoto, soba hausi, madawati ya polisi, utafiti, benki zinazopambana na matapeli. Mshahara wa kuanzia hautamfurahisha mama yake.

Mpwa wangu aliandika andika kwenye simu, akamaliza chai, alafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Mjomba, yule kijana yuko wapi siku hizi?"

Yupo. Ni fundi baiskeli, ana kibanda Ngamiani hukuhuku, mtu mzima, ana watoto wawili. Wateja wanamuita Phoenix na wengi wanadhani ni kwasababu ya kazi yake. Mi baiskeli yangu naipeleka kwake kila ikiharibika, miaka mingi sasa, na hajui kwamba shahidi wa shati jekundu ni mimi. Au labda anajua. Juzi nilipata pancha, nikasimama pale nikiwa na maneno mdomoni kabisa, akaniziba, nikampa elfu moja, akanirudishia mia tano, nikapanda nikaondoka.